Samaki wa Dania Wametoka Wapi?

Mwaka 2002 meli moja kuukuu iitwayo Dania, iliyowahi kusafirisha mifugo, ilitolewa nje ya miamba ya Bamburi, kaskazini ya Mombasa, ikaingizwa maji na kuachwa izame. Haikupanda mwamba wala haikupigwa na dhoruba. Ilizamishwa makusudi, kwenye kina cha mita 30 hivi, ili wazamiaji wapate mahali pa kwenda na samaki wapate mahali pa kukaa. Yote mawili yametimia. Anayeshuka na mtungi wake wa hewa hukuta mbono wametanda juu ya sitaha, kolekole wakipita kwa makundi, kelea wamejibanza kwenye kivuli, na chewa mkubwa akimtazama mgeni bila wasiwasi wowote.

Kwa sababu hiyo imeenea kauli kwamba ukizamisha meli unapata samaki. Wenye hoteli wanaipenda, wanasiasa wanaipenda, na hata baadhi ya wavuvi wanaikubali, maana wameona kwa macho yao mshipi unavyorudi mzito ukiutupa karibu na chuma. Lakini samaki hao wametoka wapi? Wamezaliwa na kukulia pale, au wamehama kutoka kwenye miamba ya jirani? Kama wamehama, bahari haikuongezeka hata samaki mmoja. Waliokuwa wametawanyika wamekusanywa, na waliokusanyika huvuliwa kwa urahisi. Hapo meli iliyozama haina tofauti na dema, ila hili ni dema la mamia ya tani ambalo hakuna anayeweza kulipandisha.

Kuelewa jambo hili inabidi tuanze na chuma chenyewe. Kikikaa baharini siku chache tu, hufunikwa na utelezi wa vijidudu visivyoonekana. Baada ya wiki kadhaa huota mwani na viumbe vidogo vyenye magamba magumu vinavyoganda hata chini ya mashua zetu. Kisha hufika sifongo, chaza na matumbawe laini, ambayo hayana haja ya kujenga mifupa ya mawe na hivyo hukua haraka. Matumbawe magumu ndiyo ya mwisho. Yale yenye matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale ya mabonge, ambayo ndiyo nguzo za miamba yetu, huongezeka kama sentimita 1 tu. Tena chuma chenyewe hakitulii. Kutu hubanduka, na ikibanduka huondoka na kilichoota juu yake. Ndiyo maana meli ya miaka ishirini inaweza kupendeza kwa rangi bila kuukaribia mwamba uliojengwa kwa karne nyingi.

Kinachowaleta samaki mapema kuliko hayo yote ni umbo. Mkondo unapogonga ukuta wa meli hugawanyika na kupanda, na pamoja nao hupanda vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula cha mbono. Upande wa pili maji hutulia, na samaki asiyependa kupigana na mkondo hupumzika huko. Mbono wakishaweka kambi, kolekole na mzia hawakawii. Mashimo, vyumba na mabomba huwa makao ya mkunga, pweza na kamba mawe. Taa hulala mchangani kando. Kwa hiyo sehemu ya chakula cha pale hutoka bahari kuu, na mkondo ndio unaokileta. Hapa wanaosema meli huzalisha samaki wana hoja ya kweli: chakula ambacho kingepita juu ya mchanga mtupu kikaenda zake, sasa kinageuka nyama.

Hoja hiyo ina mipaka, na aliyeieleza vizuri ni James Bohnsack, mwanasayansi wa uvuvi wa Marekani, katika makala yake ya mwaka 1989. Alisema jibu linategemea kinachowazuia samaki wasiongezeke. Kama wanakosa makazi, basi ukiwajengea makazi wataongezeka. Kama wamepungua kwa sababu wanavuliwa kuliko wanavyozaana, nyumba mpya haitawasaidia, na huenda ikawamaliza, kwa kuwa inawaweka pamoja mahali panapojulikana. Samaki mwenye kukaa shimo moja maisha yake yote hunufaika zaidi. Yule wa kutangatanga hunufaika kidogo.

Tukiipima hoja hiyo kwa pwani ya Afrika Mashariki, sioni namna ya kulikwepa jibu. Changu na chewa wetu wamepungua kwa sababu ya nyavu za matundu madogo, majuya yanayokokotwa juu ya nyasi za bahari, na wavuvi wengi kwenye eneo dogo linalofikika kwa ngalawa. Hawakupungua kwa kukosa paa. Pale ambapo makazi yameharibiwa kweli, kama kwenye miamba ya Tanzania iliyopigwa baruti kwa miongo mingi ikabaki vifusi, kilichopotea ni mwamba wa maji mafupi. Meli iliyolazwa mita 30 haiwezi kuuziba pengo hilo. Wadogo wa kelea na changu hukulia kwenye mikoko na nyasi za bahari kabla ya kuhamia kwenye kina. Ukiikata mikoko ya hori halafu ukazamisha meli nje ya mwamba, umebomoa chumba cha watoto na kujenga sebule.

Wala tusisahau joto. Mwaka 1998, El Niño ilipochemsha maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, matumbawe ya Kenya na Tanzania yalipauka na mengi yakafa. Tumbawe lililoota juu ya chuma hupauka vilevile kama la mwambani.

Kwingine duniani yapo majaribio ambayo anayetamani kuzamisha meli angepaswa kuyasoma kabla ya kuomba kibali. Huko Florida, miaka ya 1970, matairi yapatayo milioni 2 yalitupwa baharini kwa nia njema ya kuwa mwamba. Kamba za kuyafunga zilikatika, matairi yakazagaa na kuyagonga matumbawe halisi ya jirani, na kazi ya kuyatoa imekula miaka na miaka. Mwaka 2006 Marekani ilizamisha Oriskany, manowari ya kubebea ndege, baada ya matayarisho ya gharama kubwa, na bado mabishano hayakwisha kuhusu kemikali za sumu zilizobaki kwenye nyaya zake. Meli kuukuu imejaa vitu ambavyo huwezi kuviona kwa kuitazama: mafuta kwenye matangi, asbesto, na rangi ya chini yenye sumu ya kuzuia viumbe visiote. Rangi ya aina moja yenye madini ya bati ilipigwa marufuku duniani kote kuanzia 2008, baada ya kugundulika kwamba inawafanya konokono wa kike waote viungo vya kiume. Ni ajabu kidogo kuchukua chuma kilichopakwa dawa ya kuua viumbe wa baharini na kukiita nyumba yao.

Lakini mfano unaonishughulisha zaidi ni wa Palmyra, kisiwa cha matumbawe kilicho peke yake katikati ya Pasifiki. Mwaka 1991 meli ya uvuvi ilizama pale. Maji ya visiwa vya namna hiyo yana madini machache mno ya chuma, na uhaba huo ni sehemu ya mizani ya uhai wake. Chuma cha meli kilipoanza kuoza, kiumbe mmoja wa jamii ya matumbawe asiyejenga mifupa aliongezeka bila kiasi, akafunika mwamba na kuua matumbawe mengine katika eneo kubwa kuizunguka meli. Mabaki yaliondolewa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Hali ya Bamburi si ya Palmyra. Pwani yetu hupata udongo na madini ya mito kama Sabaki na Rufiji. Hata hivyo somo linabaki: kitu kilekile kinaweza kuwa baraka mahali pamoja na balaa mahali pengine, na cha kuamua ni maji yanayokizunguka.

Meli za kuzamishwa makusudi ni chache. Nyingi zilizolala pwani hii zilikwenda chini kwa vita, kwa uzembe au kwa usiku wenye giza. Zanzibar peke yake inatosha kwa mifano. Tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha ndani ya saa moja, Waingereza waliizamisha Glasgow, meli ya Sultani, mbele ya mji, na milingoti yake ikabaki ikichungulia juu ya maji kwa miaka. Mwishoni mwa 1902 ilipotea Great Northern, meli ya Kiingereza ya kutandaza nyaya za simu baharini. Hii imelala kwenye maji mafupi, kama mita 12, ikiwa vipandevipande, na ndiyo wanayopelekwa wanaoanza kujifunza. Kwa jicho langu ndiyo yenye kufundisha kuliko zote. Imekaa zaidi ya miaka mia moja, chuma chake kimelegea na kusambaa, na mipaka kati ya meli na mwamba imeanza kufutika. Anayetaka kujua Dania itakuwaje mwishoni mwa karne hii na aiangalie Great Northern.

Pegasus ni habari nyingine. Manowari hiyo ya Kiingereza ilikuwa bandarini Zanzibar ikitengenezwa injini asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914, pale Königsberg ya Wajerumani ilipotokea kutoka maficho yake ya Rufiji na kuipiga ikiwa imesimama. Mabaharia zaidi ya thelathini walikufa, na baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wenyeji wanakiita pia Kisiwa cha Makaburi. Wiki chache baadaye Königsberg nayo ilifungiwa ndani ya delta ya Rufiji, ikapigwa, na wenyewe wakaizamisha tarehe 11 Julai 1915. Mizinga ya meli hizo mbili iliopolewa, na leo mmoja wa kila upande umesimama ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa. Mabaki ya Pegasus yaliuzwa kama vyuma chakavu katika miaka ya 1950. Kilichobaki kiko karibu mita 40 chini, na wazamiaji wazoefu hukifuata kwa ajili ya makundi ya mzia na kolekole. Anayesema meli ya vita ni kaburi la heshima lisiloguswa akumbuke kwamba wenyewe waliiuza.

Mita 40 ndio mwisho wa uzamiaji wa burudani, na si mpaka uliowekwa kwa urasimu. Kila mita 10 shinikizo huongezeka kwa kiasi cha hewa yote iliyo juu yetu. Kwa hiyo kwenye Dania mzamiaji huvuta hewa mara nne ya anayopumua juu, na mtungi huisha kwa robo ya muda. Majedwali yanayotumika sana humruhusu kukaa mita 30 kwa dakika 20 tu, asije akapanda na naitrojeni nyingi iliyoyeyuka mwilini, ambayo hutoka kama mapovu kwenye viungo na neva. Naitrojeni hiyohiyo, kina kikizidi, hulevya. Ndani ya meli kuna tope laini ambalo pigo moja la mapezi hulitifua, na mlango uliouona sasa hivi hauonekani tena. Maji mafu ndiyo wakati wa kwenda. Wakati wa bamvua mkondo humchukua hata aliyebobea. Hayo ni kwa mtalii mwenye vifaa na kiongozi. Vijana wa vijijini wanaotafuta kamba mawe na majongoo kwa mitungi ya kuazima, bila saa wala jedwali, hushuka kina hichohicho mara kadhaa kwa siku. Wanaporudi na miguu iliyokufa ganzi, kijiji huweza kusema wameguswa na jini wa bahari.

Mzamiaji naye huidhuru meli. Thistlegorm, iliyozamishwa na ndege za Wajerumani kwenye Bahari ya Shamu mwezi Oktoba 1941, imejaa pikipiki na malori ya vita na ni kati ya meli zilizozama zinazotembelewa zaidi duniani. Mashua zilizozoea kufunga kamba moja kwa moja kwenye mwili wake zimeng'oa vyuma vyake, na hewa inayotoka vinywani mwa wageni hujikusanya chini ya dari za vyumba na kuharakisha kutu. Dawa yake inajulikana na si ghali: maboya ya kudumu yenye uzito wake mchangani, mbali na meli. Nashangaa kila ninaposikia kwamba boya la mahali fulani limekatwa na halijarudishwa, huku ada ikiendelea kutozwa.

Meli za mbao ziko kwenye mkondo mwingine wa mambo. Mafundi wa jahazi wanajua kwa nini chombo hupakwa sifa na chokaa: kuna mdudu mwenye umbo la mnyoo anayeitoboa mbao ikabaki tundutundu. Chombo cha mbao kilichozama kikabaki wazi huliwa chote, hata kama ni msaji. Kinachonusurika ni kilichofukiwa mchangani, mahali ambapo hewa haifiki na mdudu haishi. Hivyo ndivyo ilivyopona sehemu ya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyokuja kuisaidia Ngome ya Yesu ilipozingirwa na Waomani, ikazama mbele ya ngome mwaka 1697. Kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa mambo ya kale waliichimba wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wakatoa vyombo vinavyoonyeshwa ngomeni hadi leo, kisha wakayaacha mataruma yake kitandani mwake chini ya maji. Wengine waliona ni kukata tamaa. Kwa kweli kuhifadhi mbao iliyolowa karne tatu hugharimu mamilioni na miongo ya kuinyunyizia dawa, na mchanga ulikuwa umeifanya kazi hiyo bure.

Ngomeni, karibu na Malindi, yako mabaki ambayo huenda ni ya zamani zaidi, ya merikebu ya Wareno ya karne ya 16, kwenye maji mafupi karibu na ufuo. Caesar Bita, mwanaakiolojia wa chini ya maji wa Kenya, amefanya kazi pale na wenzake wa nje, na meno ya tembo na vipande vya shaba vilivyopatikana vinasimulia biashara ya wakati huo kuliko kumbukumbu nyingi za karatasi. Kuna maoni kwamba ni São Jorge, mojawapo ya vyombo vya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama mwaka 1524. Bado hilo halijathibitishwa, na siyo jina linaloyapa mabaki hayo thamani. Jambo la kuangalia ni kwamba mahali kama hapo wavuvi ndio walio karibu kuliko mtaalamu yeyote, na ulinzi wake unategemea kama watapata chochote kwa kupaacha palivyo.

Wasipopata, mwingine atapata. Msumbiji iliipa kampuni ya kibiashara kibali cha kutafuta merikebu zilizozama kuzunguka kisiwa chake cha kale, na mwaka 2004 kaure za Kichina zilizoopolewa huko zikapigwa mnada Amsterdam. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001, ulioanza kufanya kazi 2009, unakataza biashara hiyo kwa vitu vilivyokaa chini ya maji miaka 100 na zaidi, na unataka kuviacha mahali pake kuwe ndilo jambo la kwanza kufikiriwa. Kwa kipimo hicho Pegasus imekuwa urithi tangu 2014. Dania itasubiri hadi 2102.

Halafu kuna meli ambazo hazipaswi kuingia kwenye mjadala wa utalii hata kidogo. MV Bukoba iliyopinduka Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, na MV Spice Islander iliyozama usiku wa Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi, zilikwenda na mamia ya watu, na ndugu zao wako hai. Kina na mkondo viliwashinda waliotaka kuifikia Spice Islander. Hata visingewashinda, anayeuza tiketi ya kwenda kuitazama angekuwa mtu wa namna gani? Hata hivyo muda peke yake si kipimo cha heshima. São José, iliyotoka Msumbiji mwaka 1794 na zaidi ya watumwa 400 ikavunjika karibu na Cape Town, wakafa zaidi ya 200, imepita karne mbili. Ilipotangazwa mwaka 2015 kwamba imetambuliwa, udongo ulichukuliwa kutoka Msumbiji, wazamiaji wakaenda kuumwaga pale walipozama watumwa hao.

Kati ya kaburi na kivutio kuna meli za kawaida, na kwa hizo msimamo wangu ni huu: isizamishwe nyingine mpaka iamuliwe nani atavua pale na nani hatavua. Samaki wa miamba ya jirani wahesabiwe kabla, si baada, maana bila hesabu hiyo hakuna atakayeweza kusema baadaye kama wameongezeka au wamehamia. BMU ya kijiji, yaani kikundi cha kusimamia ufuo, iwe mezani tangu siku ya kwanza, na sehemu ya ada ya wazamiaji iende kwao kwa maandishi, kwa kuwa wao ndio watakaotakiwa kuuzuia mshipi usitupwe pale penye samaki wengi. Kama meli inazamishwa kwa ajili ya hoteli, isemwe hivyo, na wavuvi wasiahidiwe kitoweo.

Zile zinazozama zenyewe zina sheria yake, na sheria hiyo ina jina la mji wetu. Mkataba wa Nairobi wa Kuondoa Mabaki ya Meli ulipitishwa Mei 2007 na kuanza kufanya kazi Aprili 2015. Unamtaka mwenye meli alipe gharama ya kuyaondoa mabaki yenye hatari, na akate bima. Wakashio ilipopanda mwamba wa Mauritius mwezi Julai 2020 na kumwaga tani 1,000 hivi za mafuta, ilikuwa wazi kwa nini bima inahitajika. Lakini sharti la bima linaanzia meli za tani 300. Mashua za uvuvi na za mizigo zinazotelekezwa kwenye hori na bandari zetu ndogo, zenye dizeli ya kutosha kuua chaza wa kijiji kizima, nyingi ziko chini ya kiwango hicho. Mwenyewe akishaondoka, anayebaki nazo ni ofisa wa bandari asiye na bajeti ya kukodi hata winchi.